Shoki Moja Inatosha: Historia ya Haditeli Ambayo Wauzaji Hawakuambii

Uliza mtu yeyote anayependa baiskeli za milimani zilitoka wapi na atakupa jibu moja: California, miaka ya 1970, mlima Tamalpais, mahipi wenye nywele ndefu. Si uongo. Lakini ni historia iliyokatwa kichwa na mkia, na sehemu zilizokatwa ndizo zinafanya niandike leo, kwa sababu zinagusa baiskeli gani utanunua na shilingi ngapi zitabaki mfukoni ukishanunua.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Haditeli ni baiskeli ya milimani yenye shoki mbele peke yake. Nyuma ni kavu: gurudumu limeshikwa na fremu moja kwa moja, hakuna springi, hakuna bawaba. Ile yenye springi mbele na nyuma nitaiita shoki mbili. Muuzaji akikuona na pesa kidogo atakuambia haditeli ni ya kuanzia, kama nasari, halafu ukikomaa unahamia shoki mbili. Mimi nimesoma hii historia miezi kadhaa sasa, na sioni mahali haditeli ilikuwa nasari.

Twende Marin basi, tumalizane nayo. Tarehe 21 Oktoba 1976 vijana walikusanyika juu ya barabara moja ya vumbi karibu na mji wa Fairfax, barabara ya magari ya wazima moto inayoshuka karibu mita 400 ndani ya kilomita 3 na kitu. Baiskeli zao zilikuwa mitumba halisi: Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, nzito kama jiwe la kusagia, tairi nene za inchi 26. Breki nyingi zilikuwa za kurudisha pedeli nyuma, zile zile unaziona leo kwenye Buffalo za wanafunzi kule Nyanza. Ukishuka mteremko kama huo na breki hiyo, habu ya nyuma inachemka mpaka grisi inageuka moshi, na ukifika chini lazima uifungue uipake grisi upya. Kwa Kiingereza kazi hiyo ni kurepack, na ndiyo maana mashindano yaliitwa Repack. Siku hiyo ya kwanza alishinda Alan Bonds, na inasemekana siri yake ilikuwa moja tu: wengine walianguka. Rekodi ya njia hiyo ilibaki kuwa ya Gary Fisher, dakika 4 na sekunde 22.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio. Mwaka 1977 Joe Breeze alichomelea fremu mpya iliyotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo. Mwaka 1979 Fisher na Charlie Kelly wakaanza kuuza baiskeli zenye fremu za Tom Ritchey. Mwaka 1981 Specialized wakaleta Stumpjumper, iliyotengenezwa kiwandani Japani, na kutoka hapo kitu kilichokuwa mchezo wa kijiji kikawa biashara ya dunia.

Sasa angalia jina moja hapo: Charlie Kelly. Huyu ndiye aliyekuwa akiandaa Repack. Pia alikuwa anaandika, na kuanzia mwaka 1980 alihusika na jarida lililoitwa Fat Tire Flyer, la watu wa tairi nene. Na walikuwa na Wende Cragg, mwanamke aliyekuwa anashuka nao mlima huku akiwa na kamera. Mimi naishi kwa kutengeneza kontenti, kwa hivyo hapa sihitaji kuelezwa mara mbili. Marin si mahali pa kwanza watu walipeleka baiskeli mlimani. Ni mahali pa kwanza walipofanya hivyo wakiwa na mpiga picha, mwandishi, na kitu cha kuuza.

Kwa maana Uingereza mwaka 1955 tayari kulikuwa na klabu, Rough-Stuff Fellowship, ya watu waliovuka milima na baiskeli za kawaida, wakizibeba begani pale njia ilipokataa. Ufaransa kuna vijana wa Paris waliokuwa wakirukaruka matopeni na baiskeli walizozifanyia marekebisho wenyewe miaka hiyo hiyo ya 1950. Na kwetu? Kwetu kulikuwa na Black Mamba. Fremu ya chuma, gia moja, karia nyuma ya kubeba gunia la mahindi au debe za maziwa, na njia zake zilikuwa zile ambazo gari lilikuwa linashindwa. Wale wa Busia waliovusha watu kutoka mpaka hadi mpaka wakatupatia neno bodaboda kabla pikipiki haijalichukua. Hakuna aliyewapiga picha wakiteremka. Hakuna jarida. Ndiyo hivyo, ukitafuta historia ya baiskeli kwenye njia mbaya, hawamo.

Lakini kuna wengine waliosahauliwa ambao rekodi zao zipo, na hawa ndio walinikamata kabisa.

Mwaka 1897, miaka 79 kabla ya Repack, jeshi la Marekani lilikuwa na kikosi cha ishirini na tano cha askari wa miguu kule Fort Missoula, Montana. Askari wake walikuwa weusi, maafisa wake weupe, kama ilivyokuwa desturi ya jeshi lile wakati huo. Luteni mmoja, James Moss, alitaka kuonyesha kwamba baiskeli inaweza kuchukua nafasi ya farasi. Ukweli ni kwamba hoja yake ilikuwa na mantiki: farasi anakula, farasi anakufa, baiskeli haifanyi lolote kati ya hayo mawili. Tarehe 14 Juni askari 20 walitoka Missoula na baiskeli za Spalding kuelekea St. Louis, Missouri. Umbali: karibu kilomita 3,000. Baiskeli na mzigo pamoja, hema, chakula, bunduki, ilipita kilo 25. Shoki hakuna. Gia za kubadilisha hakuna. Barabara ya lami sahau.

Walivuka milima wakikuta theluji mwezi wa Juni. Walikutana na matope ya Montana yanayoshika gurudumu mpaka halizunguki. Pale barabara ilipokuwa imekufa walipanda reli, wakiendesha juu ya mataruma ya gari moshi, tugutugutugu kwa kilomita na kilomita. Hebu fikiria hiyo kwa makalio. Nebraska ikawapa mchanga, joto, na maji mabaya yaliyowaumiza tumbo. Miongoni mwao alikuwepo askari John Findley, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli zinapoharibika, na nashuku huyo ndiye aliyekuwa mtu wa maana kuliko luteni. Tarehe 24 Julai waliingia St. Louis na maelfu ya watu wakatoka kuwaona.

Halafu? Jeshi likawarudisha kwa treni. Moss alitaka safari nyingine, hadi San Francisco, akakataliwa. Mwaka 1898 vita na Hispania vikaanza, kikosi kikapelekwa Cuba, na habari ya baiskeli ikaishia hapo.

Nimewahi kuona watu wakiandika kwamba mashindano marefu ya baiskeli za milimani yalianza miaka ya 1990. Kwa mashindano, sawa. Lakini kama swali ni nani wa kwanza kuendesha wiki nzima kwenye ardhi mbovu na mzigo mgongoni mwa baiskeli, jibu ni vijana weusi waliolipwa mshahara wa askari wa kawaida na ambao wengi hatujui hata majina yao. Sisemi haya ili tulie. Nayasema kwa sababu safari yao ni mtihani halisi wa swali letu: ukiwa mbali na kila kitu, ni nini kinakusimamisha? Kwao ilikuwa matope, maji, mchanga, tairi, na miili. Springi ya nyuma haingewasaidia matopeni, na ingekuwa kitu kimoja zaidi cha Findley kukesha nacho.

Sasa turudi kwa neno lenyewe. Zamani simu ilikuwa simu. Hakuna aliyesema simu ya mezani mpaka ile ya mkono ilipokuja. Haditeli ni hivyo hivyo. Mpaka mwisho wa miaka ya 1980 baiskeli za milimani karibu zote zilikuwa kavu mbele na nyuma, kwa hivyo hazikuhitaji jina. Halafu Paul Turner, mtu aliyetoka kwenye dunia ya pikipiki za matopeni, akaleta foki ya RockShox, springi ya hewa na mafuta yenye mwendo wa karibu sentimita 5 tu. Mwaka 1990, kwenye ubingwa wa dunia wa kwanza uliotambuliwa na UCI kule Durango, Colorado, Greg Herbold alishinda mteremko akiwa na foki hiyo. Miaka michache baadaye kila mtu alitaka moja. Na walipoanza kuweka springi nyuma pia, ndipo ile ya kawaida ikahitaji jina, likaazimwa kutoka kwa pikipiki: haditeli, yenye mkia mkavu. Yaani jina lake lilizaliwa siku ile mtu alitaka kukuuzia kitu kingine.

Shoki mbili za mwanzo zilikuwa kisanga. Ukikanyaga pedeli, nusu ya nguvu yako ilikuwa inabonyeza springi badala ya kusukuma gurudumu, baiskeli inacheza chini juu kama matatu yenye shoki zilizokufa. Ndiyo maana kwenye Olimpiki, tangu mchezo huu uingie Atlanta mwaka 1996, dhahabu ya wanaume haikuenda kwa shoki mbili hata mara moja mpaka London 2012. Julien Absalon wa Ufaransa alichukua mbili mfululizo, 2004 na 2008, na haditeli. London ndipo Jaroslav Kulhavý wa Ucheki alimpita Nino Schurter mwishoni kabisa, tofauti ya sekunde moja. Kulhavý alikuwa na shoki mbili za magurudumu ya 29, Schurter alikuwa na haditeli. Wauzaji wanapenda sana kuhesabu hiyo sekunde. Miaka 4 baadaye Schurter mwenyewe alishinda Rio akiwa na shoki mbili, na leo mabingwa wengi wanazo. Hilo sikatai. Kwenye Cape Epic ya Afrika Kusini, siku nane za mawe watu wawili wawili, utaona shoki mbili mbele ya msafara, maana springi ya nyuma inaokoa mgongo na gurudumu linabaki limeshika ardhi.

Lakini bingwa ana fundi wake, ana gari nyuma, ana fremu nyingine kwa boksi. Wewe una nani?

Mashindano marefu yalijengwa na watu wa aina nyingine. Leadville, Colorado, ni mji wa migodi ulio juu ya mita 3,000. Iten yetu iko kama mita 2,400, kwa hivyo piga hesabu ya hewa. Mgodi mkubwa ulipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 mji ukafa njaa, na mchimba migodi mmoja, Ken Chlouber, akaanzisha mbio za miguu za maili 100 ili watu waje walale hotelini walipe pesa. Ya baiskeli ikafuata mwaka 1994. Ukimaliza ndani ya masaa 12 unapewa bakuli ya mshipi, yaani kile chuma cha kufungia mkanda, na watu wazima wanalia wakikipokea. Dave Wiens alishinda miaka sita mfululizo, 2003 hadi 2008, na ule wa mwisho alikuwa na miaka 44 na aliyemwacha nyuma kwa karibu dakika 2 alikuwa Lance Armstrong.

Halafu kuna John Stamstad. Huyu namuenzi. Miaka ya 1990 mashindano ya masaa 24 yalikuwa ya timu za watu wanne wakipokezana. Yeye akajaza fomu ya timu, nafasi zote nne akaweka jina lake mwenyewe ameliandika kwa namna tofauti tofauti, akaendesha peke yake. Mwaka 1999 akachukua njia ya Great Divide, inayofuata uti wa mgongo wa milima ya Rocky kwenda kusini mpaka mpaka wa Mexico, akaimaliza kwa siku 18 na masaa 5. Leo njia hiyo ndiyo ya Tour Divide, kutoka Banff, Kanada, kama kilomita 4,400, na ukiangalia baiskeli zinazopangwa pale mwanzoni utaona haditeli na kavu kabisa zimejaa. Sababu haina ushairi. Fremu isiyo na shoki ya nyuma ina nafasi katikati ya kuweka mfuko wa chakula na chupa za maji. Haina bawaba na beringi za kuingia mchanga. Na ikianza kulia, kuna sehemu chache za kutafuta kelele.

Wacha nije nyumbani sasa, maana mimi pia nachagua. Niliwekeza elfu 70 kwa mwaka mzima, pesa ya video na kazi za kuhariri za watu. Mama anajua zipo na anajua zinaweza kulipa sehemu ya karo ya chuo nilichoacha. "Wewe kijana, baiskeli itakupatia digrii?" Sikumjibu, kwa sababu mama hajibiwi. Lakini hiyo ndiyo bei halisi ya hii maneno, na ndiyo maana siwezi kununua vibaya.

Kwa pesa kama hizo utapata shoki mbili za mitumba, na zitakuwa zinang'aa. Ziangalie vizuri. Shika tandiko uinue: ukisikia "kk" nyuma, beringi zimeisha, na mwenye kuiuza hana za kubadilisha. Shoki ya nyuma ikivuja hewa unaagiza sili kutoka nje. Na zile mpya za bei rahisi zenye springi kubwa ya rangi nyekundu katikati, tafadhali usiniulize tena. Hizo ni pambo. Bora baiskeli kavu kabisa kuliko springi mbovu, kwa sababu springi mbovu ni uzito unaoubeba kupanda kilima na haukufanyii kazi kushuka.

Kwa haditeli, usiangalie rangi, angalia pembe ya uma wa mbele. Zile za miaka ya 1990 zilizojaa kwenye mitumba zilijengwa na pembe ya karibu digrii 71, uma umesimama wima. Zinapanda vizuri, lakini kwenye mteremko mkali unahisi zinataka kukurusha juu ya usukani. Za siku hizi za njia za msituni zina digrii 66 hadi 68, uma umelala mbele, na hapo ndipo haditeli ilibadilika kweli. Hiyo pembe imesaidia watu wengi kuliko springi ya nyuma, ni vile tu haionekani kwa picha. Foki ya mwendo wa milimita 100 hadi 120 inatosha Karura, inatosha Ngong, inatosha kilomita 100 za murram. Ukiongeza sana unabeba uzito wa bure.

Magurudumu sasa. Hapa watu hupotea kwa sababu ya namba. Rimu ya inchi 26 ni milimita 559, na tairi yake utaipata mpaka kwa duka la kijijini linalouza pia misumari. Rimu ya 29 ni milimita 622, ambayo ni sawa kabisa na ile ya baiskeli za barabarani zinazoandikwa 700. Black Mamba inaandikwa 28 na utadhani iko katikati, kumbe ni milimita 635, kubwa kuliko 29! Kwa hivyo ukipasukiwa mbali, tairi ya babu haitaingia, hata mkivuta wanaume watatu. Mimi bado nachagua 29, kwa sababu gurudumu kubwa linapita juu ya mashimo badala ya kuingia, na kwenye haditeli hiyo ni nusu ya shoki ya nyuma umepata bila kulipia. Nusu nyingine ni tairi pana, 2.3 au 2.4, yenye upepo kidogo. Ukiweza ondoa tyubu uweke maji ya kuziba, hasa ukienda upande wa Laikipia au Kajiado. Mwiba wa mgunga haujali umenunua baiskeli ya nani.

Fremu iwe chuma au aluminiamu? Aluminiamu ni nyepesi na ndiyo utaipata kwa urahisi. Chuma kinanyumbuka kidogo, na kikipasuka Maralal kuna mtu mwenye mashine ya kuchomelea. Hatafanya kazi nzuri kama ya Joe Breeze, lakini utafika nyumbani. Aluminiamu ikipasuka huko, unapanda matatu na vipande.

Kwa hizo elfu 70 nimepanga 55 kwa baiskeli yenyewe. Zingine zinaenda kwa tairi mbili nzuri, cheni mpya, sili za foki, na pampu ya kweli, si ile ya kuuziwa na kengele. Ile niliyoiona wiki iliyopita ni ya aluminiamu, 29, foki ya hewa ya milimita 120, na fundi ameshanionyesha mkwaruzo mmoja karibu na pedeli ambao anasema ni wa cheni kuruka. Jumamosi naenda na kitambaa na tochi kuusafisha nione kama ni mkwaruzo au ni ufa.